Kuwasomea Watoto kwa Sauti

Kuwasomea watoto kitabu kwa sauti ni kazi ionekanayo ndogo machoni pa watu wengi. Haitaki jembe wala shoka, wala haimtoi mtu jasho. Msomaji huketi, hufungua kitabu, hukohoa kidogo, kisha huanza. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, na hata hivyo niliihesabu kazi hii kuwa ni burudani ya jioni tu, mpaka yenyewe iliponifundisha, kwa aibu, kuwa ni amana. Nakusudia kueleza katika kurasa hizi jinsi nilivyoivunja amana hiyo kabla sijaifahamu, na nani aliyenifahamisha.

Nyumba yetu ilikuwa Mazinde, katika wilaya ya Korogwe, baina ya Mombo na Mkomazi. Upande mmoja milima ya Usambara imesimama kama ukuta, na upande wa pili nyika imelala mpaka macho yachoke. Huko juu kuna mvua, migomba na baridi. Kwetu chini kuna joto, vumbi na mkonge. Njia ya gari moshi, ambayo Wajerumani waliifikisha Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, hupita hapo hapo. Mkonge nao ni mgeni aliyekuwa mwenyeji. Dakta Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na katika miche elfu moja iliyotumwa, 62 tu ndiyo iliyofika hai katika pwani yetu. Kutoka katika miche hiyo michache ilizaliwa safu isiyo na mwisho ambayo mtoto wa Mazinde huiona kila aamkapo. Wakataji wake walitoka pande nyingi za nchi. Kwa hiyo mtoto huyo husikia Kisambaa, Kizigua, Kipare na lugha nyingine kadha wa kadha kabla hajamaliza kuota meno, na Kiswahili ndicho kiwanja ambacho lugha hizo zote hukutana.

Mwaka 1993 mke wangu alifariki dunia baada ya kuugua muda mfupi. Aliniachia watoto watatu: binti wa miaka kumi na mmoja, mvulana wa miaka minane na kitindamimba wa miaka mitano. Mama yangu alitoka kwao Handeni, akaja kukaa nasi. Tulipokwisha kuondoa matanga, nyumba ilinyamaza. Hapana mtu aliyekataza jina la marehemu lisitajwe, walakini halikutajwa. Kila ulimi ulilikwepa kama mguu unavyokwepa mahali ulipowahi kuchomwa na mwiba.

Mama yangu alikuwa fundi wa ngano. Katika utoto wangu aliposema "Paukwa!" hata majirani waliitikia. Nilimwomba awape wajukuu wake walau ngano moja kila usiku, ili kimya kile kipungue. Alitazama moto kwa kitambo, akanijibu, "Mwanangu, ngano nizijuazo nyingi zina mama ndani yake, na aghalabu mama huyo hufa mwanzoni. Nitaanzia wapi mbele ya hawa?" Sikuwa na jawabu. Basi nikaona heri nitafute vitabu vya watu wa mbali, vyenye bahari na visiwa, maana nilidhani kwamba huzuni yetu haikuwahi kufika huko.

Katika sanduku langu nilikuwa na nakala kongwe ya Kisiwa chenye Hazina, niliyoinunua Tanga miongoni mwa vitabu vilivyokwisha kutumika. Jalada lilikuwa limetoka na pembe za kurasa zimeliwa na mende. Kitabu hicho ni tafsiri ya hadithi ya Robert Louis Stevenson, iliyofanywa na Frederick Johnson na kupigwa chapa mwaka 1929. Mwaka huo huo ilitoka tafsiri yake ya Mashimo ya Mfalme Sulemani, na mwaka 1932 ikatoka Safari za Gulliver. Johnson ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki ilipoundwa mwaka 1930. Tafsiri hizo zilikusudiwa shule, wakati ambao shule zilikuwa na njaa ya vitabu vya kusomwa, na wanafunzi wengi wa Tanganyika, Kenya na Unguja waliziona riwaya kwa mara ya kwanza katika kurasa hizo. Mtu aweza kulaumu mengi katika zama zile, lakini mwenye njaa hasahau mkono uliompa chakula, hata kama anajua kwamba chakula hicho kilipikwa kwa ajili ya haja nyingine.

Msomaji wa insha hii pengine hajui kwamba hadithi hiyo yenyewe ilizaliwa kwa kusomwa kwa sauti. Mwaka 1881 Stevenson alikuwa katika kijiji cha Braemar, Uskochi, pamoja na mtoto wa kambo, Lloyd Osbourne, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Siku moja ya mvua ilichorwa ramani ya kisiwa, na ramani ikazaa hadithi. Kila sura ilipokwisha kuandikwa mwandishi aliwasomea watu wa nyumbani. Baba yake, mhandisi wa minara ya taa za bahari, alikuwa mmoja wa wasikilizaji, naye alinogewa hata akamtungia mwanawe orodha ya vitu vilivyokuwamo katika sanduku la baharia mlevi. Kitabu kikatoka mwaka 1883. Kadhalika hadithi ya Alice ilianza kwa mdomo, tarehe 4 Julai 1862, katika mashua iliyokuwa na wasichana watatu waliotaka kuambiwa kitu. Kumbe vitabu hivi vilikuwa sauti kabla havijawa karatasi, na mzazi anayevisoma mbele ya wanawe huvirudisha vilikotoka.

Tulianza kusoma mwaka 1994, wakati wa kiangazi. Tuliketi mkekani baada ya chakula cha usiku, kandili kati yetu, mama yangu akichambua mboga za kesho. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba sikio ni hakimu mkali kuliko jicho. Sentensi ambayo jicho hulipita kosa lake kwa upole, ulimi huikwaa, na msikilizaji wa miaka mitano hupiga miayo papo hapo. Jambo la pili ni kwamba maneno mengi ya kitabu yalikuwa ya pwani, ilhali wasikilizaji wangu walikuwa hawajaiona bahari hata siku moja. Mlingoti, nanga, omo na tezi, yote yalikuwa sauti tupu kwao. Nilipata msaada kwa jirani, mzee mmoja wa Pangani, aliyekuwa baharia wa majahazi katika ujana wake na mlinzi wa ghala katika uzee. Alikuja na mkongojo wake akachora jahazi zima mavumbini, akaonyesha kila mahali na jina lake. Tangu siku hiyo naye akawa msikilizaji wetu, na kila nilipokosea jambo la bahari alinisahihisha, hata pale ambapo kosa lilikuwa la Stevenson.

Mlingoti watoto waliupata bila ya taabu. Walisema, "Ni kama ule mti mrefu uchomozao katikati ya mkonge ulipozeeka." Mfano ulikuwa mwema, nikausifu. Mvulana akaongeza, "Lakini Baba, mkonge ukishatoa mlingoti wake na kumwaga watoto wake chini, si hufa?" Nilimwambia tuendelee na hadithi.

Hapo ndipo nilipopaswa kujitazama, lakini sikujitazama. Sura za mwanzo za kitabu humweka mbele yetu kijana Jim Hawkins, mwana wa mwenye nyumba ya wageni kando ya bahari. Baba yake ni mgonjwa. Baharia mlevi mwenye kovu huja kukaa katika nyumba hiyo, hulewa, hutisha watu, halipi. Kabla ya mkasa mkubwa kuanza, baba yake Jim hufa. Stevenson hakulikalia jambo hilo kwa maneno mengi. Huliandika kwa ufupi, kama mtu aliyekwisha kulizoea. Niliufikia ukurasa huo usiku wa tatu. Nilikuwa nimeusoma peke yangu mchana, na nilijua upo wapi. Nilipoukaribia, niliinua macho nikaona nyuso tatu zinanitazama, kitindamimba ameegemea goti la bibi yake. Nikasoma, "Baba yake Jim akapata nafuu."

Maneno hayo hayakuwamo kitabuni. Yalitoka kinywani mwangu kwa sauti ile ile iliyosoma maneno mengine yote, nayo yalipokewa kwa imani ile ile. Nilijiambia kwamba nimewahurumia watoto. Mwongo wa huruma hujiona mwema kuliko waongo wote, ndiyo maana husema uongo mrefu kuliko wao.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilianza kufika mwisho usiku uliofuata. Jim na mama yake hulikimbia genge la maharamia peke yao katika giza, na mvulana wangu akauliza, "Baba yake aliyepata nafuu yuko wapi?" Nikasema amekwenda mji wa Bristol kutafuta dawa. Wakati huo mama yake Jim alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la baharia, akihesabu fedha, hataki sarafu moja zaidi ya deni lake ingawa mauti yako mlangoni. Mama yangu aliacha kuchambua mboga akasema, "Huyu ni mtu." Nilifurahi kwamba swali limesahauliwa. Halikusahauliwa. Baada ya usiku mchache Jim aliagana na mama yake, akasafiri, akafika wapi? Akafika Bristol. Watoto waliketi wima. Walimngojea baba yake Jim gatini, miongoni mwa merikebu na mabaharia wenye pete masikioni. Nikasoma ukurasa mzima, naye hakutokea. "Hawakuonana?" akauliza kitindamimba. Nikasema walipishana njiani.

Nilimwona binti yangu mkubwa akinitazama. Hakusema neno.

Kuanzia hapo furaha yangu ya kusoma ilichanganyika na hofu. Merikebu ilitweka, kasuku wa mpishi mwenye mguu mmoja akapiga kelele zake, Jim akajificha ndani ya pipa la matufaha akasikia njama za kuwaua wenzake. Watoto waliyajua matufaha, maana hushuka kutoka Lushoto, na kwa siku nzima mvulana wangu alikaa ndani ya pipa la maji lililokauka, akisikiliza nani atasema nini. Lakini mimi kila usiku nilitangulia kuzipitia kurasa za mbele kama mlinzi, nikitafuta maiti. Kitabu kile ni cha maharamia, nacho kina maiti wengi. Wengine niliwajeruhi tu; wengine niliwapeleka msituni wasirudi. Hadithi ikawa na matundu kama wavu wa zamani.

Siku moja ya Jumamosi nilirudi kutoka shambani nikamkuta binti yangu ameketi chini ya mkwaju, kitabu magotini. Alikuwa amekitoa sandukuni mwenyewe. Aliniamkia kwa adabu, "Shikamoo, Baba," akakifunga kitabu, akanipokea jembe. Usiku tulipoketi aliniambia, "Baba, leo niruhusu nisome mimi." Nikampa kitabu. Nikaona ametia kipande cha ukuti ndani yake, nacho hakikuwa mahali tulipokuwa tumefika. Kilikuwa nyuma sana, karibu na mwanzo.

Alisoma taratibu, kama nilivyomfundisha shuleni, akipumzika penye nukta. Aliusoma ukurasa wa kifo cha baba yake Jim, wote, bila ya kutetemeka, mpaka mwisho wake. Kisha akanyamaza. Niliutazama moto wa kandili. Mvulana akasema, "Kumbe amekufa." Kitindamimba akamgeukia dada yake akauliza, "Kama mama?"

Dada yake akajibu, "Kama mama."

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutamkwa katika nyumba yetu tangu matanga. Mama yangu alimvuta yule mdogo kifuani akaanza kulia, si kwa kelele, na mvulana akalia, na mimi, niliyekuwa nimewakinga watu wote na msiba wa mtu asiyekuwapo duniani, nikalia kupita wote. Yule mzee wa Pangani aliinuka, akaweka mkono wake begani kwangu, akatoka. Usiku ule hatukusoma zaidi. Tulizungumza habari za marehemu mpaka mafuta ya taa yakaisha: jinsi alivyocheka, jinsi alivyoogopa kenge, namna alivyotia chumvi mara mbili akisahau. Wahenga walinena kwamba mficha ugonjwa kifo humuumbua. Mimi nilikuwa nimeficha kifo chenyewe, na mtoto akaniumbua kwa rehema.

Siku ya pili nilimwita binti yangu chini ya mkwaju ule ule. Nilikusudia kumweleza sababu zangu, lakini yeye alinitangulia. Alisema, "Baba, sikuona vibaya kwa sababu baba yake Jim amekufa. Niliona vibaya kwa sababu ulidhani hatuwezi kujua. Sisi tulimzika mama. Tulikuwapo." Kisha akaongeza jambo ambalo hata leo nalifikiri: "Na tangu niliposoma ukurasa ule, sikujua katika vitabu vyote ulivyotusomea ni maneno gani yamo na ni yapi yako."

Wanafunzi wa fasihi watasema kwamba mwambaji wa ngano hubadili atakavyo, na hapana amwitaye mwongo. Ni kweli. Mama yangu hakuisimulia ngano moja mara mbili kwa maneno yale yale. Lakini katika ngano wasikilizaji huuita uongo wao wenyewe. Hadithi njoo, husema, na uongo njoo. Wamefungua mlango wakijua nani anaingia. Wanamwona mwambaji usoni, wanajua maneno ni yake, na wakitaka humkatiza. Msomaji wa kitabu amefanya ahadi nyingine. Ameshika karatasi mbele yao, naye kwa kitendo hicho tu anawaambia, "Haya siyasemi mimi, yameandikwa." Sauti yake ameikopesha kwa mtu ambaye hayupo hapo kujitetea, na masikio ameyakopa kwa watoto ambao hawawezi kulinganisha. Yuko kati ya amana mbili. Akitaka kusimulia, na aweke kitabu chini asimulie, awe mwambaji kwa heshima zake zote. Akikishika, na asome.

Tena kuna hasara iliyo kubwa kuliko ya imani. Nilitafuta hadithi isiyo na msiba ili watoto wasahau msiba, nisijue kwamba hawakuwa na haja ya kusahau. Walikuwa na haja ya kumwona mtoto mwingine aliyefiwa, akalia, kisha akapanda merikebu. Jim bila ya kifo cha baba yake ni mtoto mtundu tu anayezurura. Kwa kumfufua baba yake nilikuwa nimewaibia watoto wangu mwenzao.

Tulikianza kitabu upya, tukakisoma chote, na kila maiti akalala mahali pake. Baada yake tulisoma vingine. Safari za Gulliver ziliwachekesha, hasa nchi ya watu wadogo. Nilipata kwa kuazima nakala ya Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri iliyopigwa chapa London mwaka 1940, ambayo katika picha zake Alice ni msichana wa Kiafrika. Kitindamimba alishikilia kwamba msichana huyo amepata kumwona Mombo siku ya gulio. Mashimo ya Mfalme Sulemani yalitutia katika mtihani wa namna nyingine. Hadithi yake huvuta kama mto, lakini mwandishi wake, Rider Haggard, huwapima watu weusi kwa kipimo ambacho hajipimii. Zamani ningaliruka mahali hapo kwa ulimi mwepesi. Sasa nilisoma, kisha nikakiweka kitabu chini na kuuliza, "Mwaonaje?" Mvulana wangu alisema, "Huyu mtu anasimulia vizuri, lakini hakutuuliza." Sijasoma uhakiki wa kitabu hicho uliokuwa mfupi na wa haki kuliko huo.

Mwisho wa yote, mvulana huyo akauliza swali nililostahili kujiuliza mwenyewe mapema: "Hapana kitabu cha Mazinde?"

Kipo, nacho ni kikongwe kuliko tafsiri zile zote. Baada ya Kimweri ye Nyumbai, mtawala mkubwa wa Usambara, kufa katika miaka ya 1860, mwanawe Semboja hakutaka kukaa Vugha mlimani. Alikaa Mazinde, nyikani, penye njia ya misafara itokayo Pangani kwenda Kilimanjaro, akapata bunduki na nguo na nguvu nyingi. Miongoni mwa watu waliomtumikia alikuwamo Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani mwenye kalamu. Huyo alisikiliza wazee, akaandika Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa na wamisionari wa Magila kwa sehemu, tangu mwaka 1895 hata mwanzo wa karne iliyofuata, kisha kikatolewa tena Nairobi katika miaka ya 1960 kwa uhariri wa J. W. T. Allen. Kwa hiyo wakati Stevenson alipokuwa akiwasomea watu wake huko Braemar, mtu aliyeishi kwa Semboja alikuwa amekwisha kusikia mambo ambayo yangekuwa mojawapo ya vitabu vya kwanza vikubwa vya nathari ya Kiswahili. Mimi niliyezaliwa hatua chache kutoka hapo nilikuwa nimewapeleka wanangu Bristol kwanza.

Niliazima kitabu hicho kwa mwalimu mwenzangu, nikasoma. Mara mama yangu alianza kutikisa kichwa kwa kukubali, maana Mbegha alimjua tangu utotoni mwake Handeni: mwindaji wa nguruwe kutoka Ngulu, aliyenyimwa urithi na jamaa zake kwa kuwa alizaliwa kigego, aliyekimbia Kilindi baada ya mwana wa mtawala kuuawa na nguruwe katika mawindo yao, aliyeingia Usambara na mbwa wake, akawalisha watu nyama, akaua simba, wakamfanya mtawala wao. Safari hii hapakuwa na neno la kueleza kwa kuchora mavumbini. Nilipotaja mlima, waliunyoshea kidole mlangoni. Mama yangu alinikatiza mara nyingi, "Sisi hatusemi hivyo," akatoa habari yake, na nyumba ikawa na kitabu na ngano kwa wakati mmoja, kila kimoja kwa jina lake.

Kuna desturi ya Wakilindi ambayo tuliizungumza sana. Simba Mwene alipokufa Vugha, kifo chake kilifichwa. Wazee wachache tu walikijua, na nchi haikuambiwa mpaka mrithi alipokwisha kufika. Niliisoma habari hiyo kwa sauti iliyopungua kidogo, nikijua kwamba naweza kusutwa. Binti yangu alifikiri, akasema kwa upole, "Wazee walificha ili nchi isivunjike. Nawe uliogopa nyumba isivunjike." Nikasema ndivyo. Akasema, "Lakini wao, Baba, walikuwa na siku ya kusema."

Sina la kuongeza juu ya neno hilo ila ushauri kwa wenzangu wasomi. Tunaandika mengi juu ya vitabu vya Kiswahili, na tunayaandika kwa ajili ya macho. Na tuvisome pia kwa midomo, nyumbani, mbele ya watu wasiotuogopa. Vitabu vya watoto vimeongezeka: Alice amepata tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, ya Ida Hadjivayanis, iliyotoka mwaka 2015, na simu ya mkononi leo yaweza kumsomea mtoto bila ya kuchoka wala kukohoa. Lakini simu haiinui macho kabla ya ukurasa mgumu. Mzazi huinua, na hapo ndipo anapojulikana.

Mama yangu ametangulia mbele ya haki, na mzee wa Pangani pia. Binti yangu sasa anakaa Tanga na watoto wake, karibu na bahari ambayo mama yao aliijua kwanza kwa mchoro wa mavumbini. Kila niendapo kuwatembelea, wajukuu huniletea ile nakala isiyo na jalada. Kipande cha ukuti bado kimo. Tunapoufikia ukurasa huo binti yangu huacha alifanyalo jikoni, akasimama mlangoni. Nami nausoma wote.